Moshi Usivuke Ukuta

Nyumba ya baba iko Iringa mjini, Miyomboni, nyuma ya safu ya maduka ya zamani. Upande wa kushoto tulipakana na familia ya Kihindu iliyokuwa na duka la vitambaa mbele na makazi nyuma. Kati ya ua wetu na ua wao palikuwa na ukuta wa matofali uliomfika baba kifuani, na katika ukuta huo kulikuwa na mlango mdogo wa mbao ambao sikumbuki hata siku moja kuuona umefungwa kwa kufuli.

Tulihamia pale nikiwa darasa la nne. Baba alikuwa dereva wa malori, Tunduma kwenda Dar, Dar kurudi Tunduma, na kwa kazi hiyo alikuwa amekula nyama choma ya kila kituo kuanzia Igawa hadi Ruaha Mbuyuni. Aliangalia wachomaji wanavyofanya, akaanza kujichomea mwenyewe nyumbani, mwisho akaamini kwamba hakuna anayemzidi. Jumapili yetu ya kwanza katika nyumba ile alitoka kanisani, akavua koti, akawasha mkaa katikati ya ua na kutandaza mbavu za mbuzi juu ya wavu. Mama alikuwa bado anafungua maboksi ya vyombo. Nakumbuka alisema, "Ungesubiri basi hata tujue majirani," na baba akamjibu kwamba majirani watatujua kwa harufu.

Walitujua. Haukupita muda mrefu, mzee wa nyumba ya pili akatokeza kichwa juu ya ukuta. Alikuwa na masharubu meupe na kalamu sikioni.

"Kamwene," akasalimia, kwa Kihehe kilichonyooka kuliko changu.

Baba akaitikia kwa furaha, akamwonyesha kiti.

"Asante, jirani, sikai. Nimekuja na ombi, na hata ukilikataa tutabaki majirani." Akanyoosha kidole kwenye dirisha dogo la nyumba yake, lililokuwa juu kidogo ya ukuta. "Kile ni chumba anachosalia mke wangu. Sisi nyama hatuli. Yeye akisikia harufu ile, siku nzima hatii kitu mdomoni. Na moshi wako wote umeingia mle."

Baba alikuwa mtu wa kupandisha sauti upesi, mama na mimi tulilijua hilo, na mama aliacha maboksi akaja kusimama mlangoni. Lakini siku ile baba alitazama dirisha, akatazama wavu, kisha akashika jiko kwa matambara mawili, moto ukiwaka na nyama ikiwa juu, akalibeba hadi kona ya mbali kabisa ya ua, karibu na choo cha nje. Akarudi ukutani akijifuta jasho.

"Sasa tupange," akasema. "Mimi kuacha kuchoma nyama siwezi. Nikikwambia naacha nitakuwa nakudanganya."

"Sijasema uache. Nasema moshi. Usivuke ukuta."

Wakapanga palepale, wamesimama, mmoja huku na mwingine kule. Hakuna aliyeandika chochote. Moto ungewashwa kwenye ile kona tu. Jumatatu hakuna kuchoma, maana mama wa nyumba ile alifunga kila Jumatatu. Kulikuwa na siku nyingine za mfungo zilizofuata mwezi wao, na hizo mzee angetuambia jioni ya kuamkia. Upepo ukielekea kwao, moto hauwashwi, hata kama nyama imeshatiwa chumvi na ndimu. Siku kama hiyo nyama iliishia kwenye sufuria, na baba alikula amenuna. Mifupa ilifukiwa, maana kunguru wa Miyomboni walikuwa na tabia ya kuokota mifupa yetu na kwenda kuidondoshea juu ya bati lao. Na la mwisho, mzee alilisema kwa sauti ya chini: ukitokea msiba upande wao, nyama isiguse moto mpaka siku kumi na tatu ziishe.

"Na sisi je?" baba akauliza. "Msiba ukitokea huku?"

"Mtatuambia mnataka nini."

Kwa upande wao, waliahidi kututaarifu kabla ya kulipua fataki za Diwali, kwa sababu mama alikuwa na presha.

Serikali ya mtaa nayo ilikuwa na masharti yake. Kila kiangazi, upepo wa Iringa ulipoanza kupeperusha mabati, mwenyekiti alipita na kipaza sauti kukataza mtu kuwasha moto nje bila ndoo ya maji karibu, au kumwaga majivu ya moto kwenye jalala. Baba alikuwa na ndoo tayari, lakini alikuwa akisema, "Mwenyekiti akinikamata nitalipa faini. Jirani yangu akinikuta na kosa nitamtazamaje kesho?"

Yule mama wa jirani wajukuu wake walimwita Ba, nasi tukamwita hivyohivyo. Mume wake walimwita Dada, neno ambalo kwao lina maana ya babu, na mimi niliona kituko kikubwa mzee mwenye masharubu kuitwa dada. Sikuweza kulitamka bila kucheka. Nikaamua kumwita Mzee, na yeye akaniita Mwalimu kwa sababu ya jinsi nilivyokuwa nikiwafokea wanasesere wangu ukutani. Jina hilo lilinifuata mpaka nikawa mwalimu kweli.

Mama alifariki nikiwa kidato cha tatu, ile presha yenyewe. Ba alikuja siku zote za matanga, akakaa kwenye mkeka na kina mama wengine, magoti yakimuuma. Hakula chakula chetu na hakuna aliyemlazimisha. Watu walipoondoka yeye hakuondoka. Alinifundisha kupika dengu na kusukuma chapati nyembamba, maana aliona baba na mimi tunakula ugali na maharage kila siku ya Mungu. Baba hakuwasha moto kule kwenye kona. Jumapili zikapita, mwezi ukapita, wavu ukashika kutu. Siku moja, mimi nikiwa naanika nguo, Mzee akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Dereva," akamwita baba. "Leo upepo unaelekea sokoni. Mbona huwashi?"

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alimtazama kwa muda mrefu. Akainuka akaenda buchani. Tulikula wawili, na kuanzia siku ile nikajua kwamba baba ataendelea kuishi. Nimesimulia kisa hiki kwa sababu maalumu. Mtu aliyewahi kuona jirani yake akifanya hivyo alipaswa kujua zaidi ya nilivyojua mimi baadaye.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa kazi Mbeya, sekondari moja upande wa Uyole, na huko ndiko niliko mpaka leo. Baba alistaafu akabaki peke yake Iringa. Nikimpigia simu Jumapili nilisikia mkaa unavyotatarika, na nyuma yake sauti ya Mzee ikimwambia kitu kutoka upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wamezeeka pamoja, na nadhani walionana wao kwa wao zaidi ya walivyotuona sisi watoto wao. Mtoto wa kiume wa Mzee alikuwa Dar na biashara zake, mimi Mbeya na madaftari yangu.

Miaka miwili iliyopita baba alianza kusema chakula kinamkwama. Kwanza alilaumu ugali kuwa mkavu. Kisha nyama kuwa ngumu. Nilipokwenda likizo nilimkuta anatafuna kipande kimoja cha mbavu kwa dakika nyingi, kisha anakitema kwenye kiganja na kukificha chini ya sahani nisione. Nikamchukua hadi Mbeya hospitali. Daktari alitoa kalamu akanichorea koo kwenye karatasi, akachora uvimbe, akaonyesha njia iliyobaki, nyembamba kama mrija wa soda. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwenda mbali. Wakamwekea bomba la chakula tumboni. Wakatuambia, kwa upole, kwamba kazi iliyobaki ni kumpunguzia maumivu.

"Nirudishe kwangu," baba akasema. "Mbeya kuna baridi."

Iringa nako kuna baridi, hasa mwezi wa saba, lakini nilielewa. Nikaomba ruhusa shuleni nikarudi naye.

Nilikuwa namlisha uji kwa bomba la sindano, taratibu, kila baada ya saa chache. Yeye alilala chali akitazama dari na kusema, "Jaza tenki." Alisema hivyo kila mara, na kila mara nilicheka, ingawa sauti yake ilikuwa inazidi kupungua. Kitanda chake tulikiweka kwenye chumba cha nyuma, karibu na dirisha, ili aone ua. Kila alasiri Mzee alipita kwenye mlango mdogo wa ukutani, akaketi naye na kumsomea gazeti kwa sauti kubwa, habari za mpira na ajali za barabarani, maana baba alipenda kujua lori gani limeanguka wapi. Akimaliza aliinuka, akachungulia nje, akasema upepo uko wapi. Hakuna aliyekuwa anachoma tena. Ilikuwa mazoea tu.

Alhamisi moja, mwisho wa mwezi wa saba, Mzee alianguka dukani na futi ya kupimia kitambaa mkononi. Walipomfikisha kwenye gari alikuwa ameshakata roho. Mimi nilisikia Ba akilia kabla hajaja mtu kutuambia. Baba naye alisikia. Alitaka kuinuka, akashindwa, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Nenda," akasema. "Usikae hapa na mimi. Nenda."

Nilikwenda. Nilimkuta Ba amekaa sakafuni, na wanawake wa jamaa zao wameshaanza kuingia. Nikamshika miguu. Hakunitambua wakati ule.

Kijana wao alifika kutoka Dar alfajiri iliyofuata, na Ijumaa wakampeleka Mzee nje ya mji, mahali pao. Sasa naomba nieleze jambo la lugha, kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo. Siku ile mtaa mzima ulikuwa na neno moja. "Wanamchoma saa ngapi?" "Ameshachomwa?" "Anayechoma ni mtoto wake mkubwa?" Wauza mitumba, waendesha bodaboda, kina mama wa mboga, wote waliuliza bila ubaya, hatuna neno jingine kwa jambo hilo. Ndilo neno hilohilo la mahindi, la matofali, la nyama. Mgeni mmoja alikuja kumjulia hali baba akasema, "Kumbe jirani yako wamemchoma leo," na baba, aliyekuwa hawezi hata kumeza mate yake, akakusanya nguvu akamwambia, "Sema wamemuaga."

Tukaanza kuhesabu siku kumi na tatu. Nilipika mboga za majani na dengu. Hata dagaa sikukaanga.

Jumanne, siku ya sita, baba aliniita baada ya kumjaza tenki. Ilikuwa saa kumi jioni, jua limelala juu ya ua.

"Nichomee," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri. "Nini, baba?"

"Nyama. Mbavu. Kidogo tu."

"Baba, huwezi kumeza."

"Sili. Nataka kunusa."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia, kama vile ameshasahau, "Baba, kuna msiba kwa jirani. Leo siku ya sita tu."

"Najua." Akapumzika. "Upepo unaelekea sokoni. Nimeangalia tangu asubuhi."

"Dirisha la Ba liko wazi. Wamejaa watu mle ndani, wanasali. Umesema mwenyewe miaka yote."

Alifumba macho. Mimi nikawaza kupita ule mlango mdogo, kuingia kwenye chumba kilichojaa wanawake waliovaa nyeupe, na kumwambia mjane wa siku sita, "Ba, naomba kuchoma." Nilijaribu kulibadilisha hilo neno kichwani. Kubanika. Kuoka. Kupasha. Kila nilivyoligeuza nilimwona anavyolisikia, na nilimwona Mzee. Sikuweza.

"Tusubiri ziishe," nikamwambia. "Zimebaki siku saba. Jumatano ijayo asubuhi na mapema naenda buchani, nakuchomea wavu mzima."

"Siku saba," akasema.

"Siku saba tu, baba."

"Haya."

Kesho yake nilikwenda mpaka stendi, kwenye jiko la mchomaji mmoja anayejulikana, nikamwomba anifungie mbavu zikiwa za moto. Nilizifunga kwenye karatasi ya bati, nikazifunga tena kwenye kanga, nikapanda bodaboda. Nyumbani nikafungua kifurushi karibu na uso wake. Akavuta pumzi. Akageuza kichwa.

"Imelala njiani hii," akasema. Kisha, labda kwa kuona uso wangu, akaongeza, "Asante, Mwalimu."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina lile nililopewa na Mzee.

Alikuwa hataki nyama iliyokwisha iva. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alitaka ile sauti ya mafuta yanapodondokea mkaa, na moshi wa kwanza, ule unaomfanya mtu afumbe jicho moja. Alitaka kunisikia nikihangaika nje huku yeye akinielekeza kutoka ndani.

Alhamisi sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Alasiri alinyanyua kidole akaonyesha dirishani, kwenye ile kona. Nikajifanya kuelewa kwamba anataka pazia, nikalivuta vizuri. Akaonyesha tena. Nikasema, "Mwanga mkali, eh?" nikalishusha. Akashusha mkono.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nje naanika mashuka. Niliporudi ndani na kapu tupu, alikuwa amekwenda. Macho yalikuwa yameelekea uani. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Ndugu walifika siku hiyohiyo na kesho yake, kutoka Kilolo na Mufindi. Baba mdogo, mdogo wake baba wa mwisho, alikuja na dume la ng'ombe kwenye pikapu, kama ilivyo desturi kwetu kumsindikiza mtu mzima. Waliposhusha masufuria na mafiga uani, nikatoka nikasimama mbele yao.

"Nyama isipikwe hapa," nikasema. "Tupike maharage. Au mpike kwingine."

Baba mdogo alidhani nimechanganyikiwa kwa kilio. Akanishika bega. "Mwanangu, kaa chini. Hii kazi yetu."

"Jirani wana msiba. Siku kumi na tatu hazijaisha. Bado tatu. Baba aliwaahidi."

"Baba yako amelala mle ndani," akasema, sauti ikianza kupanda kama ya kaka yake. "Nimzike kaka yangu kwa maharage, kwa sababu ya dirisha la watu?"

"Ndivyo alivyotaka."

Hapo nilikuwa nasema uongo, na nilijua. Alivyotaka aliniambia Jumanne.

Wakabishana kwa Kihehe, shangazi akaingilia, mwisho wakahamishia mafiga kwenye kiwanja kitupu ng'ambo ya barabara, upande ambao upepo haukuelekea kwa Ba. Wanawake walivuka barabara na masufuria vichwani, magari yakiwapigia honi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akakagua ndoo za maji, akatoa pole, akaondoka. Baba mdogo hakunisemesha tena siku ile.

Saa nane hivi, mlango mdogo wa ukutani ukafunguka. Akatoka Ba, amevaa nyeupe, ameshikiliwa na mke wa mtoto wake. Watu wakampisha. Wote waliojua taratibu zao walijua kwamba mjane hatoki nje siku zile, wala haingii kwenye msiba mwingine. Aliingia ndani, akasimama mbele ya jeneza la baba, akaunganisha viganja. Alipotoka akaketi kwenye mkeka kando yangu, pole pole, kwa sababu ya magoti.

"Kwa nini mnapikia barabarani?" akaniuliza.

"Nyama, Ba. Siku zenu bado."

"Hizo siku zangu. Siyo zako." Akatazama ng'ambo, kwenye moshi. "Wageni wa baba yako wanakula barabarani kama watu wa mnadani. Mwite huyo mdogo wake. Mwambie arudishe vitu ndani."

"Wameshaanza, Ba. Haina haja."

"Ungeniuliza."

Alilisema kwa upole tu, kama mtu anayelalamika kwamba hukumwonjesha chai. Na mimi, sijui kwa nini pale, mbele ya mkwewe na kina shangazi, nikaanza kumweleza yote. Jumanne. Upepo. Kwamba alitaka kunusa tu. Kwamba nilimwambia asubiri siku saba na akakubali.

Ba alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la sari.

"Ungekuja," akasema. "Ungepita mlango tu."

"Niliona aibu, Ba. Nilifikiria lile neno."

"Neno gani?"

Sikutaka kulisema. Alinisubiri. "Kuchoma," nikasema.

"Mimi nimezaliwa mji huu," akasema. "Mama yangu amezaliwa mji huu. Unafikiri mimi sijui Kiswahili? Sijui neno hilo lina kazi ngapi?"

"Unisamehe, Ba."

"Ningefunga dirisha. Basi. Ningeamka, ningefunga dirisha, ningerudi kukaa." Sasa alikuwa analia, na haikuwa kwa ajili ya mume wake pekee. "Miaka yote ile tumekaa. Baba yako amekula nyama ya kwenye sufuria kwa ajili yangu mara ngapi? Na siku moja anataka kitu, mimi ningekataa? Uliniona mimi mtu wa namna gani?"

Nilikuwa nimeona kwamba ninamheshimu. Kumbe nilikuwa nimemhukumu, nikampa jibu la hapana kwa niaba yake, bila yeye kujua kwamba ameulizwa. Baba naye nilimhukumu, nikamwona kama mgonjwa aliyesahau ahadi zake, wakati yeye pekee kati yetu ndiye aliyekuwa anamfahamu jirani yake vizuri. Aliangalia upepo tangu asubuhi. Alijua.

Ba aliinuka, wakamshika, akarudi kwake. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

Tulimzika baba Jumapili, pembeni ya mama. Jumanne siku kumi na tatu za Mzee zikaisha, niliwasikia wakiimba. Jumatano asubuhi niliamka nikakumbuka ahadi yangu ya buchani, nikabaki nimekaa kitandani mpaka shangazi akaja kunigongea.

Kabla mwaka haujaisha kijana wao aliuza duka na nyumba, akamchukua mama yake Dar. Mimi nilikuwa Mbeya wakati huo, kipindi cha mitihani, kwa hiyo sikumuaga. Aliyenunua ameziba ule mlango wa ukutani kwa matofali, na kwenye ukuta wenyewe ameongeza kozi sita za matofali na vipande vya chupa juu. Nyumba yetu nimempangisha fundi cherehani na mke wake. Aliponiuliza kama kuna masharti ya kupika uani nilimwambia hapana, aangalie tu upepo asiwakere watu.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Ba alinipigia simu. Mjukuu wake ndiye aliyemtafutia namba. Alinieleza habari za nyumba yao ya ghorofani, jinsi mkaa unavyokatazwa jengo zima, na jinsi majirani wanavyopishana kwenye lifti bila salamu. Aliniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado. Akacheka, akasema nichelewe tu, hakuna haraka. Kisha akapunguza sauti, na nikajua anakotaka kufika.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinifiche," akasema. "Baba yako. Alikuomba mara ngapi?"

Nilikuwa kwenye veranda ya nyumba ya mwalimu, ukungu wa Uyole umeshuka mpaka kwenye uzio. Nikakiona kile kidole cha baba.

"Mara moja tu, Ba," nikasema. "Siku ile ya Jumanne. Baada ya hapo hakukumbuka tena."

Akashusha pumzi ndefu kwenye simu. "Afadhali," akasema. "Afadhali basi." Akaniuliza kama Mbeya kuna baridi. Nikamwambia kuna baridi kali mwaka huu, mahindi yamechelewa kukauka. Akaniambia nivae sweta.